Mdogo wangu, umeniomba niwe shahidi wako

Mdogo wangu,

Daktari anataka mtu aliyekujua ukiwa mtoto, na mama hayupo. Nimebaki mimi. Nilikujibu kwamba duka halina mtu, ukakata simu, na tangu siku hiyo hupokei. Ndiyo maana nakuandikia hapa.

Umewaambia shangazi zetu nina roho mbaya. Sikukataa kwa roho mbaya. Mtu wa miaka 36, fundi anayeaminika Majengo nzima, leo anaambiwa ana ADHD, lile tatizo la akili kushindwa kutulia na kuzingatia jambo? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuithibitisha, ni maswali na majibu tu. Nikaanza kusoma. Nikakuta watafiti wa Dunedin, New Zealand, waliofuatilia watu waliozaliwa 1972 na 1973. Mwaka 2015 walieleza kwamba wengi wa waliokutwa na dalili ukubwani hawakuwa na tatizo hilo utotoni. Niliyapokea maneno hayo kwa furaha, nakiri, maana yalinipa ruhusa ya kuendelea kukukasirikia.

Kwa sababu mimi bado niko pale kwenye benchi la hospitali. Mama ameruhusiwa saa nane mchana, mfuko wa dawa mapajani, anamwambia mlinzi, "Kijana wangu yuko njiani." Nilimkuta hapohapo saa moja usiku. Akaniambia, "Usimseme." Nikakufuata kibandani. Redio ya mchungaji iko wazi mezani, umeiinamia, na uliponiona ukauliza, "Leo umefunga mapema?" Hukujua hata kama jua limezama.

Aliishi wiki tano tu baada ya hapo. Halafu kwenye kikao cha kumaliza matanga, mbele ya baba wadogo, ukatoa jina la ugonjwa. Ungeanza na samahani, mdogo wangu. Jina lingefuata.

Weka kengele kwenye simu. Andika kazi zako ukutani, kwa herufi kubwa. Ukipewa dawa, usimgawie mtu. Najua utasema siku ile ningekupigia nikukumbushe. Lakini nilikuwa nimelala naye wodini siku tatu, na kumrudisha nyumbani ilikuwa zamu yako. Zamu moja tu.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2013 unamtaka mtu mzima awe na dalili tano, pale mtoto anapotakiwa sita, na unataka pia baadhi yake ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12. Zako niliziona mimi. Ndoo ulizoziacha mferejini nani alizifuata? Ulitumwa dukani ukarudi na kinyonga mkononi, pesa hujui ziko wapi. Mwalimu alikuchapa kwa ajili ya madaftari, mimi nikakuchapa kwa ajili ya ndoo. Mama hakukuchapa. Alichana kamba ya mgomba, akakufunga mkononi, fundo moja kwa kila alichokutuma. Chumvi, kiberiti, mafuta ya taa. Ulikuwa darasa la pili, na hakuna mtoto mwingine pale nyumbani aliyefungwa kamba.

Alhamisi nitafunga duka, nitakuja. Habari ya benchi nitamweleza daktari kama ilivyokuwa, sitaipunguza. Na ya mafundo matatu pia.

Dada yako.