Kaka, nilisema isogezwe, sikusema ifutwe

Kaka,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma halafu kimya. Nasikia unawaambia watu kwamba mdogo wako ndiye aliyeiua kazi yako kubwa kuliko zote, ile sanamu ya ukuta wa chuma. Haya, tuyaongee hadharani, maana hata kugombana tuligombana hadharani.

Lile neno lako halijanitoka. Ukumbi umejaa, michoro yako imebandikwa ukutani, mwenyekiti keshachoka. Yule mzee mwenye fimbo akanyanyuka kuuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: huo ukuta wa chuma ukishasimama katikati ya uwanja, sisi tunaoukatiza kila asubuhi kwenda hospitali tutapita wapi? Hukumtazama hata usoni. Uliendelea kupanga karatasi zako, ukamjibu, "Mtazoea." Kisha ukanigeukia na kutabasamu, kana kwamba neno lile tumelisema wote wawili.

Hapo ndipo niliposimama. Nilichosema kila mtu alikisikia: kazi ni nzuri, isogezwe hatua chache, njia ibaki wazi. Halmashauri kuahirisha na mwishowe kuacha kabisa ni uamuzi wao, si wangu. Wewe ndiye uliyesema haisogei hata inchi.

Kila ukipingwa unakimbilia mnara wa Eiffel. Ndiyo, mwaka 1887 waliuandikia barua ya kuulaani, na leo Paris bila ule mnara haifikiriki. Lakini unaruka mambo mawili. Walioandika walikuwa wasanii na waandishi wenzako, si wazee wenye fimbo. Na mnara wenyewe ulipewa ruhusa ya miaka 20 tu. Kilichouokoa usibomolewe ni kazi ambayo mnara ulikuja kuifanya baadaye, kubeba mitambo ya redio. Watu waliupatia matumizi. Hakuna aliyewaambia watazoea.

Nakujua, sasa utaniletea Richard Serra, yule mchongaji wa Marekani. Ukuta wako ulizaliwa na ule wake, usikatae. Aliusimamisha New York mwaka 1981, chuma chenye urefu wa mita 37 na kimo cha karibu mita nne, kikaukata uwanja wa ofisi za serikali vipande viwili. Waliofanya kazi pale wakawa wanauzunguka. Mwaka 1985 kikaitishwa kikao kama chetu, na waliotaka ubaki walikuwa wengi kuliko waliotaka uondolewe, lakini mwaka 1989 ukakatwa usiku na kupelekwa ghalani. Alidhulumiwa, hilo nakubaliana nawe. Aliagizwa kuutengeneza kwa ajili ya mahali pale, na alisema wazi kwamba kuuhamisha ni kuuharibu. Ila wewe, kaka, wako ulikuwa bado kwenye karatasi! Kufuta mstari kwa penseli na kuchora mwingine pembeni yake kungekuharibia nini?

Nakuuliza kwa sababu sijaona mtu anayekijua chuma kama wewe. Lile lango ulilolichomelea bado nalipitia, na kila mara nakumbuka ulivyonivalisha miwani yako ya kuchomelea, wewe ukabaki umefumba jicho moja. Macho haya ya kutazama kuta ni wewe uliyenipa. Leo yanaona usichokipenda, unanilaumu.

Chukua Grand Rapids, kule Michigan. Mchongaji Alexander Calder hakuwa mtu wa pale, na lile dude lake jekundu, sanamu ya chuma ya mwaka 1969, lilipofika wapo waliolikejeli. Leo umbo lake ndiyo nembo ya mji, limechorwa hadi kwenye magari ya taka. Wewe ungeona umedhalilishwa. Mimi naona hakuna heshima inayoizidi hiyo: mji ukitaka kujichora, unakuchora wewe.

Au yule Malaika, sanamu ya Antony Gormley pale Gateshead, Uingereza, mwenye mabawa ya mita 54. Alipingwa kabla hajasimama. Lakini amejengwa kwa chuma, katika eneo la watu wa meli na migodi, juu ya mahali palipokuwa na mgodi wa makaa. Mwaka uleule aliosimamishwa, 1998, mashabiki wa mpira wakarusha kamba wakamvisha jezi kubwa yenye namba tisa. Sanamu ikishavishwa jezi na wenyeji, nani atathubutu kusema si ya kwao? (Ingekuwa yako, ungeita polisi. Usikasirike, unajua ungeita.)

Nilitaka na ukuta wako watu wauegemee. Vijana wapeane miadi pale, yule mzee apite kandokando na fimbo yake, aulalamikie kila siku mpaka siku moja amwelekeze mgeni njia kwa kuutaja. Kwa hiyo usiniambie nilikuonea wivu. Wivu wa nini? Nani aliyekuwa akikushikia ngazi?

Na kama ningekaa kimya siku ile, ungeniheshimu leo? Ningetoka na wewe mlangoni huku yule mzee akitutazama sote wawili kwa jicho lilelile. Jina letu ni moja, kaka, na mimi ndiye ninayebaki kusalimiana na watu wa ule uwanja.

Michoro uliyoitupa ukumbini ulipoondoka kwa hasira ninayo mimi. Nimeikunja vizuri, na kwa penseli nimetia alama pale ambapo njia ingepita. Alama zinafutika. Njoo uichukue, na usinitumie mtoto, njoo mwenyewe.

Mdogo wako