Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: lifungue hilo kabati

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KAMERA YA VIDONDA ILIYOLALA KABATINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia nikiwa hapahapa wilayani kwako, mkoani Mtwara. Mama yangu ametoka hospitali juzi akiwa amekatwa vidole viwili vya mguu.

Mama ana kisukari na miguu yake ina ganzi. Msimu wa korosho alikanyaga kijiti chini ya mkorosho, hakusikia chochote. Tuliona damu kwenye kandambili. Tangu hapo ni bodaboda kila mara kwenda kusafisha kidonda. Sista huyu anapima kwa rula ya karatasi, yule wa zamu nyingine anapima kwa macho. Daftari limejaa "kinaendelea vizuri", "kinaendelea vizuri", halafu ghafla "apewe rufaa". Vizuri gani huko?

Bila shaka unaikumbuka hafla ya kamera hiyo. Tulikaa juani tukakupigia makofi. Ulikinyanyua kifaa chenyewe, kinashikika mkononi kama simu, ukasema kinapiga picha ya kidonda na kupima eneo lake, na kwamba kwenye chumba chenye giza kikiwasha mwanga wa zambarau, bakteria wengi wanang'aa wekundu na wengine kijani-samawati. Ukasema pia kidonda cha kisukari cha mguuni kisipopungua walau nusu ndani ya wiki 4, tiba iangaliwe upya mapema. Neno hilo nililishika. Wiki 4 za mama zikapita, na hakuna aliyeweza kusema kimepungua au kimepanuka, maana hapakuwa na picha ya kulinganisha. Na kwa ngozi zetu nyeusi hizi, wekundu wa maambukizi hauonekani kirahisi kwa macho.

Nimeuliza kwa nini imelala kabatini. Mara chaji imepotea, mara mafunzo bado, mara aliyefundishwa kahamishwa. Mimi nahisi hakuna anayetaka kusaini, kisije kikaharibika mikononi mwake. Hongereni, kweli hakijaharibika. Kilichoharibika ni mguu.

Sisemi kamera inaponya. Haishushi sukari, haiondoi nyama iliyooza, na sista bado ndiye wa kufunga bandeji. Lakini angeona mapema. Na kama kifaa kinaogopwa kiasi hicho, basi hata simu ya kawaida: picha kila wiki, umbali uleule, rula pembeni, mgonjwa akiridhia. Hilo nalo linasubiri bajeti?

Mguu wa pili umeanza lengelenge kisiginoni. Jumatatu mama anarudi kusafishwa. Naomba siku hiyo kabati liwe limefunguliwa, Ndugu Mganga Mkuu. Lifunguliwe tu, mengine tutaongea baadaye.

Natanguliza shukrani, ingawa zile za siku ya hafla bado ziko kwako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mgonjwa