Shukrani kwa mama wa kituoni

Mama, jina lako silijui. Ilikuwa 28 Oktoba 2020, siku ya uchaguzi mkuu, kituo kimoja cha kupigia kura hapa Moshi. Kadi yangu ya mpiga kura ina jina la kike nililopewa utotoni na picha ya msichana mwenye hereni. Niliyesimama pale ni mwanaume mwenye ndevu. Wakala mmoja wa chama akasema kadi si yangu. Minong'ono ikaanza, miguu ikaniisha nguvu. Wewe ulishapiga yako, ukarudi, khanga begani: "Someni namba kwenye daftari, mwanangu apige kura." Wakasoma tarakimu kwa tarakimu. Ikalingana. Uliniita mwanangu mbele za watu! Nilitoka na wino kidoleni nikakutafuta hadi barabarani, sikukuona. Aika sana, yaani asante kwa Kichagga, mama.