Msiziuze lenzi za wazee kwa bei ya shaba

Mhariri,

Assalam aleikum. Mwezi uliopita ulichapa barua ya msomaji wa Malindi aliyewashauri vijana wanaoanza kupiga picha wasihangaike na lenzi kuukuu zisizojilenga zenyewe, kwamba siku hizi ni vyuma tu. Siku chache baadaye alipita mtaani kwetu Langoni mnunuzi wa shaba na vyombo vya kale, na kutoka nyumba mbili ninazozijua akaondoka na kamera za marehemu pamoja na lenzi zake. Moja ilikuwa Nikon. Mjane wa mwenye kamera hiyo alipewa shilingi mia tano. Nimeshindwa kunyamaza.

Mimi napiga picha za harusi za wanawake hapa Lamu, huu mwaka wa 19. Marehemu baba, Mola amrehemu, alikuwa mpiga picha wa pasipoti na sura za familia, zama zile mji ulipokuwa na studio ya marehemu Omar Said Bakor, aliyesifika kwa picha za kukata na kuunganisha. Usiku wa kupamba bibi harusi, baba hakuweza kuingia. Akanifundisha mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, nikawa naingia kwa niaba yake. Hata hivyo nyumba nyingi zilikataa, kwa sababu mkanda ulikuwa lazima ukasafishwe na mwanamume. Dijitali imetuondolea hofu hiyo: picha zinatoka kwenye kadi zikiingia kwenye flashi ya mwenye harusi, na kadi naifuta mbele ya macho yake.

Baba aliniachia lenzi tatu ndani ya bati la biskuti, zote za milimita 50: Canon ya skrubu, yaani inayofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, Jupiter-8 ya Kisovieti, na Nikkor ya kamera yake ya Nikon. Miaka sita iliyopita nilinunua kwa mkono wa pili Leica M Typ 240, kamera ya dijitali ya Kijerumani, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama Shela. Niliilipa kwa awamu mwaka mzima. Lenzi zote tatu zinafanya kazi juu yake, lakini kila moja kwa njia yake, na hapa ndipo nataka vijana wanisikilize, maana mtu akinunua adapta, yaani kiungo cha kufunga lenzi kwenye kamera isiyo yake, bila kujua haya atapoteza pesa.

Kila aina ya kamera ina umbali wake kati ya mahali lenzi inaposhikana na kamera na mahali picha inapotua, uwe mkanda au kihisi cha dijitali. Kwa Leica M, tangu M3 ya mwaka wa 1954, ni milimita 27.8. Kwa lenzi za skrubu zilizotangulia ni 28.8. Tofauti ni milimita moja tu, basi adapta ya lenzi ya skrubu ni pete nyembamba kama bangili. Kwa Nikon za aina ya ile ya baba ni 46.5, kwa hiyo adapta yake ni bomba la karibu sentimita mbili.

Sasa kulenga. Leica hizi ni kamera za renjifainda. Ukichungulia, katikati kuna kidirisha kidogo chenye sura mbili za kitu kimoja. Ukizungusha pete ya lenzi, sura moja inasogea, na zikikutana zikawa moja, umelenga. Kinachosogeza ni pete ya chuma nyuma ya lenzi inayosukuma kigurudumu ndani ya kamera. Canon ya skrubu inayo pete hiyo, na Jupiter pia. Nikkor haina, wala lenzi yoyote iliyotengenezwa kwa kamera za kioo cha kuruka, zile ambazo unachungulia kupitia lenzi yenyewe na kioo kinaruka ukipiga. Ukiifunga, kidirisha hakitikisiki hata uizungushe mpaka asubuhi. Inabidi utazame picha kwenye skrini ya nyuma, na Leica za dijitali zilizotangulia, M8 ya 2006 na M9 ya 2009, haziwezi kukuonyesha picha kabla hujaipiga. Typ 240 ndiyo M ya kwanza iliyoweza. Mwenye M9 akinunua adapta ya Nikon atabaki kukisia umbali kwa namba zilizochorwa kwenye lenzi.

Jupiter ilinipa somo nililolilipia. Usiku mmoja wa kupamba nilikaa mita moja kutoka kwa bibi harusi, apacha, yaani tundu la mwanga, nimeifungua yote kwenye 2 kwa sababu taa zilikuwa chache. Sura mbili nilizikutanisha juu ya kope zake, nina yakini. Nyumbani nikafungua picha: asmini zilizosukwa nyweleni juu ya sikio unaweza kuhesabu jani moja moja, na macho yamelegea kama ya mtu mwenye usingizi. Picha arubaini na kitu, zote vile. Mama yake aliniuliza kwa upole kama binti alikuwa akilia. Sikulala.

Sababu niliijua baadaye. Jupiter ilifuata kipimo cha kamera ya Contax ya Ujerumani, na "hamsini" ya Contax si "hamsini" ya Leica: ya Contax ni kama milimita 52.4, ya Leica 51.6. Kwa kitu cha mbali hutaona tofauti. Kwa mita moja, ulengaji unarudi nyuma karibu sentimita tatu, na kwa apacha ya 2 nafasi yote inayotoka kali, mbele na nyuma, haifiki sentimita tano. Tangu hapo Jupiter naitumia kwa watu walio mbali kidogo au kwa apacha ya 5.6 kwenda juu (namba ikikua tundu linabanwa), na ngozi inavyotoka laini kwenye lenzi ile sijaiona kwenye lenzi mpya yoyote.

Nilipohamia kwenye skrini nilidhani nimepona. Kamera ina msaada ambao wapiga picha huuita pikingi: inazipaka rangi nyekundu kingo za kitu kilichokaa sawasawa. Lakini inachotafuta ni mahali ambapo weupe na weusi vinagongana. Kwa bibi harusi hilo ni lipi? Ni zile zile asmini nyeupe juu ya nywele nyeusi! Na nakshi za dhahabu, na piko ya mikononi. Vyote vinawaka wekundu wakati jicho bado halijafika. Ukiibana apacha mpaka 8 ndiyo nusu ya chumba inakuwa nyekundu. Kwa hiyo pikingi naitumia kufika karibu tu. Kisha naikuza picha mara kumi kwenye skrini, apacha ikiwa wazi, nazungusha pete mpaka kope zitengane, halafu ndipo naibana apacha na kupiga. Inachukua sekunde nne au tano, na bibi harusi aliyepambwa hana haraka.

Mbio za punda za Maulidi ni jambo jingine, huko hupati muda wa kukuza chochote. Ukipata lenzi ya milimita 35, weka apacha 11, pete kwenye mita 4, na kila kilicho zaidi ya pima moja hivi kutoka kwako mpaka upeo wa macho kitakuwa wazi. Baba alinifundisha kupima hivyo kwa mikono iliyonyooshwa.

Adui wetu wa kweli hapa pwani ni kuvu. Kabla ya kununua au kuuza lenzi, fungua apacha yote, mulika tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, imeingia. Msisugue kwa pembe ya leso na mafuta ya taa, nimeona kioo kizuri kikiharibiwa hivyo. Iwekeni kwenye bati lenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya silika, na silika ikishika unyevu ikaushwe tena. Na mkipanda basi la Mokowe, kamera ya renjifainda ibebeni mapajani. Mitikisiko huzitenganisha sura zake. Mimi kila nikirudi safari husimama gatini, pete kwenye alama ya mbali kabisa, nikalenga jengo la ng'ambo ya Manda. Sura zisipokutana pale, sipigi harusi nayo mpaka irekebishwe.

Wenye lenzi za wazee wao wazilete nyumbani Jumamosi baada ya alasiri. Nitazimulika na kuwaambia zinaingia kwenye kamera gani na kwa adapta ipi, sitozi kitu. Na yule mnunuzi, kama bado hajaiuza Nikon ya Langoni, tafadhali airudishe, nitampa bei atakayoitaja. Mjane bado amekiweka kifuniko cha lenzi yake kwenye kidaka, kando ya tasbihi ya mumewe.

Binti Mpiga Picha,
Langoni, Lamu.