Kutoka Kivukoni Hadi Kimara

Kimara, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Hujambo? Sisi huku wazima. Mjomba wako amefikisha barua. Bibi anasema umeanza kukohoa, kwa hiyo sweta livaliwe, hiyo ni amri.

Umeuliza kama kweli sayari zimebanana vile zilivyochorwa kwenye kitabu chenu. Hapana, ni ukurasa tu hautoshi. Picha ile ikufundishe majina na mpangilio, lakini habari ya umbali isahau kabisa.

Fikiria njia yetu ya mabasi ya mwendokasi, kutoka Kivukoni hadi huku Kimara. Tuliweke Jua Kivukoni, tukilipunguza liwe mpira wenye upana wa mita 4 na nusu hivi, na vingine vyote tuvipunguze kwa kipimo hicho hicho. Zebaki itakuwa kama mita 200 kutoka hapo, Zuhura 360, Dunia 500, Mirihi 760. Sayari nne zimekwisha na basi halijachanganya hata mwendo! Na Dunia yenyewe ni ndimu. Bahari ya Hindi yote, Kilimanjaro, wewe na sweta lako, vyote vimo kwenye ndimu hiyo.

Baada ya hapo ni safari. Mshtarii uifuate kituo cha Fire, Zohali Magomeni, Uranusi Ubungo, na Neptuni huku kwetu Kimara. Katikati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi yanayolizunguka Jua, yanaitwa asteroidi, lakini nayo yameachana mno. Sehemu kubwa ya njia ni utupu. Mwanga wa Jua unatufikia sisi kwa dakika 8 na kidogo. Neptuni unachukua saa 4.

Ukiulizwa sayari yenye joto kuliko zote, usikimbilie Zebaki kwa kuwa iko jirani na Jua. Ni Zuhura. Imefunikwa na hewa nzito ya kabonidayoksaidi, joto likiingia halitoki, na ardhi yake inapita nyuzi 460. Maajabu yake hayaishii hapo: inajizungusha taratibu kiasi kwamba mzunguko mmoja huchukua siku zetu 243, ilhali mwaka wake ni siku 225.

Mshtarii ni jitu. Upana wake ni kama Dunia 11 zikipangwa mstari mmoja, na haina ardhi ya kukanyaga, ni gesi. Mwaka 1610 Galileo aliiona kwa darubini ikiwa na miezi minne inayoizunguka. Wakati ule wengi waliamini kila kitu angani kinaizunguka Dunia, na hapo palikuwa na vitu vinne vyenye shughuli zao.

Ila mimi ninayoipenda ni Neptuni, na wala si kwa ujirani. Wataalamu waliona Uranusi haifuati njia waliyoikokotoa, kama vile kuna kitu kinaivuta. Mfaransa Le Verrier akakaa na kalamu, akapiga hesabu kitu hicho kiwe wapi. Mwaka 1846 akamwandikia Galle, mtaalamu wa anga kule Berlin, naye usiku ule ule barua ilipofika akaelekeza darubini na kuikuta, pembeni kidogo tu ya pale palipotajwa. Ndiyo maana nakusumbua na hesabu. Neptuni huzunguka Jua mara moja kwa miaka 165 hivi. Tangu ionekane imemaliza mzunguko mmoja tu, mwaka 2011.

Pluto tuliikariri sisi kama ya tisa. Mwaka 2006 wataalamu wa anga wakaishusha daraja, sasa ni sayari kibete. Iko pale pale, inazunguka kama zamani.

Huko Lushoto hamna mataa kama huku, basi faidi. Sayari tano zinaonekana kwa macho matupu: Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, ingawa si zote kila usiku. Nyota humetameta, sayari mwanga wake hutulia. Zuhura haikai juu usiku wa manane. Itafute upande wa magharibi baada ya jua kuzama, au mashariki kabla ya alfajiri. Ukiiona, chora ilipokuwa na uandike saa, kisha mpe mjomba aniletee.

Msalimie bibi, mwambie dawa yake nitaituma na basi la Ijumaa.

Mama yako