Mwanangu, chagua risasi inayobaki ndani

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani hapa Montana. Mama yako hajambo, theluji imefika magotini. Juzi uliniuliza ununue risasi gani za kuwindia koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, bila kuiharibu ngozi yake, nikakujibu mbiombio kwenye simu. Jibu lile halikuniridhisha, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Unamkumbuka yule koyote niliyempiga kwa bunduki ya .22-250 ulipokuwa bado mdogo? Alikuwa karibu, hatua arobaini hivi. Tulipomgeuza, bega lote lilikuwa limefumuka, na kiganja chako kingeingia mle bila kugusa ukingo. Manyoya ya Januari, mazito, rangi ya nyasi kavu, yakaharibika vile. Kosa lilikuwa langu, bunduki ilifanya kazi yake.

Risasi ya greni 55, yaani gramu tatu na nusu hivi, ikitoka kwenye bunduki ya .223 huenda kama mita 990 kwa sekunde. Ileile kwenye .22-250 hukaribia 1,120. Kasi hiyo inafaa koyote akiwa mbali, kwa sababu hupungua njiani. Akiwa karibu, risasi laini ikikuta mfupa wa bega hupasukia pale pale na kuichana ngozi. Wewe unawaita kwa filimbi vichakani, wanakujia hadi miguuni. Basi tumia .223 yako, na risasi za ncha ya plastiki zenye ganda jembamba, greni 50 au 55. Tunataka iingie kwa tundu la punje ya mbaazi, isambaratike mapafuni, isitokee upande wa pili. Nunua maboksi mawili ya aina moja, na kabla hujaenda porini upige karatasi kwanza kwa mita 100.

Wapo watakaokushauri uchukue zile zilizovikwa shaba hadi nchani, eti hutoboa tu. Mimi sikubali. Hutoboa kweli, kisha mnyama anakimbia na jeraha, akafie usikomwona. Tena zikigonga ardhi iliyoganda huruka zikaenda kusikojulikana. Mnyama unayemtaka ngozi ana haki ya kufa papo hapo.

Subiri akupe ubavu. Lenga nyuma ya kwapa, bega uliache kabisa. Asipogeuka, mwache aende.

Ndani ya bahasha nimekuwekea sindano na uzi. Ukishaikwangua ngozi mafuta, shona tundu la risasi kwa upande wa nyama kabla hujaiwamba, ngozi ikiwa bado mbichi. Uzi uvute taratibu, manyoya yasinaswe kwenye mshono.

Baba yako