Chupa ya mofini isiende nyumbani peke yake: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito. Tunakuandikia kuhusu mgonjwa wa saratani anayeruhusiwa kurudi kwao Nyakach au Seme, na kilichomo mfukoni mwake. Mara nyingi ni chupa ya mililita 100 ya mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, na kibandiko kinachosema tu, "Anywe akiumwa."

Dawa hii hutuliza kwa muda wa saa nne hivi, basi. Mgonjwa akingoja mpaka aumwe, amekwisha kuchelewa, na dozi ile ile iliyotosha jana leo haimtoshi. Inywewe kwa saa: miligramu 5 saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, na saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku apewe 10, alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Mzee aliyedhoofika aanze na nusu ya hizo. Maumivu yakichomoza katikati, aongezwe dozi moja, na ile ya ratiba isirukwe.

Hizo ni miligramu 30 kwa siku. Kwa mofini ya miligramu 1 kwa kila mililita, chupa ile inakauka siku ya nne, na kliniki yake ni baada ya wiki mbili. Alihitaji mililita 420, kabla hata ya kuhesabu dozi za ziada.

Kinachotutia hofu zaidi ni kwamba ipo mofini yenye nguvu mara kumi. Kijiko cha chai cha ile hafifu ni miligramu 5. Cha hii kali ni 50. Vyote viwili ni maji, na jikoni vijiko havilingani. Uganda hutia rangi, kijani kwa hafifu na waridi kwa kali, ili hata asiyesoma atambue.

Halafu kuna choo. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuishi kamwe. Tumbo likivimba, jamaa huficha chupa wakiamini dawa ndiyo inayomuua. Tembe mbili za bisakodili, dawa ya kufungua choo, za miligramu 5 kila usiku, kuanzia siku ile ile ya kwanza, zingezuia hayo, isipokuwa kwa anayeharisha.

Saratani ya mlango wa kizazi huziba njia ya mkojo, figo zikalegea, mofini ikajikusanya mwilini. Misuli ikianza kurukaruka na mama akawa haamki vizuri, dozi ipunguzwe na nafasi kati ya dozi irefushwe. Familia iambiwe dalili hizi mapema, na ipewe namba ya simu ya muuguzi.

Tunaomba agizo moja kwa famasi zote za hospitali za kaunti: mofini isitolewe bila bomba la sindano la kupimia, lisilo na ncha, bila bisakodili, na bila ratiba ya saa iliyoandikwa kwa Kiswahili au Dholuo. Na itoshe mpaka siku ya kliniki.

Wako katika huduma,
Wauguzi wa tiba shufaa, Kisumu